Chupa Bubu

Siku ile Profesa Kwanini hakuniuliza kwa nini, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Msimamizi wangu huyo tulimpa jina hilo kwa haki kabisa. Ukimwambia mvua imenyesha, anauliza kwa nini. Ukimwambia umechelewa kwa sababu mtoto anaumwa, anauliza kwa nini anaumwa, kisha anataka ushahidi. Lakini siku ile alinifungulia mlango wa ofisi mwenyewe, akanivutia kiti, akasema, "Kaa, Bi Taka," kwa ule upole wa mtu anayeleta habari za msiba. Maisha yamenichapa vya kutosha. Mkubwa akikuvutia kiti, shika moyo wako.

Bi Taka ni mimi. Kabla ya kurudi darasani nilikuwa mkaguzi wa taka wa manispaa, tena kwa muda mrefu hivi kwamba nzi wa jalala kuu walikuwa wananitambua kwa sura. Vyeo vilinipita vikaenda kwa vijana niliowafundisha mimi mwenyewe kushika koleo, kwa sababu wao walikuwa na karatasi ya pili na mimi ninayo moja tu. Nikasema basi, na mimi nitaitafuta hiyo karatasi: shahada ya uzamili ya sayansi ya mazingira. Walitaka shahada ya kwanza yenye ufaulu wa kueleweka, walitaka watu wawili wa kunisifu kwa maandishi, na kwa kuwa kemia yangu ilikuwa imeota kutu, walinirudisha kwanza kwenye somo la kuziba pengo, nikakaa na watoto ambao mama zao ni wadogo zangu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa madarasa. Takwimu, kemia ya mazingira, sheria na sera, tathmini ya athari za miradi, na mengine ya kujichagulia, ambayo nilichagua kwa kuangalia mwalimu gani hapendi kuuliza maswali. Ukiyafaulu unaandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara nzima, ambako kila aliyegombana na mkewe asubuhi huja kumalizia hasira kwako. Ukinusurika, mwaka wa pili unakwenda uwandani, unarudi maabara, unaandika tasnifu, inasomwa na mtahini wa ndani na wa nje, halafu unaitwa kuitetea kwa mdomo wako mwenyewe. Nilikuwa nimevuka yote. Ulibaki utetezi tu, Ijumaa ya wiki ile.

"Bubu amesema," Profesa Kwanini akaniambia.

Nikakishika kiti kwa mikono yote miwili.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya madini ya risasi katika kijito kinachopita chini ya karakana za wavunja betri. Kijito hicho ndicho wanachochotea maji watu wa bondeni. Sasa, sheria ya idara yetu ni kwamba kila safari ya kuchukua sampuli lazima ubebe na chupa moja ya maji ya maabara, yaliyochujwa mpaka hayana kitu kabisa. Unaifungua palepale mtoni, unaitia matone ya tindikali kama zingine, unaifunga, inarudi pamoja nazo. Kazi yake ni kusema hakuna kitu. Wanafunzi tunaiita chupa bubu. Ikisema lolote, ujue uchafu umetoka kwako, mikononi au begini, na hapo hakuna wa kuamini chupa nyingine yoyote uliyoibeba siku hiyo.

Bubu wa safari zote za nyuma walikuwa wamenyamaza. Yule wa safari ya mwisho hakuwahi kupimwa kwa sababu mashine iliharibika, akabaki kwenye friji ya maabara, nasi tukamsahau. Mtahini wa nje hakumsahau. Aliandika pembeni mwa tasnifu yangu: *Yuko wapi?* Mashine ilipotengenezwa, wakampima.

Profesa alinigeuzia kompyuta yake. Nilitazama namba ile, nikatazama namba za mtoni, nikarudi kwenye ile ya kwanza nikidhani nimesoma mstari usio wake. Chupa iliyotakiwa isiwe na kitu ilikuwa na risasi nyingi kuliko chupa yoyote niliyoichota chini ya karakana.

"Imeushinda mto," nikasema.

"Imeushinda mto."

"Mtahini wa nje ni nani, Profesa?"

"Mama Wembe."

Mama Wembe alijulikana vyuo vyote. Hukumu za utetezi ziko nne: umepita, marekebisho madogo, marekebisho makubwa, au rudi ulikotoka. Inasemekana mama yule hiyo ya kwanza hajui hata inavyoandikwa.

"Fuatilia njia ya chupa ile," Profesa akasema. "Kila mkono ulioigusa. Nami Ijumaa nisikie jibu, nisisikie ngonjera." Nilipofika mlangoni, akarudia tabia yake. "Bi Taka, kwa nini safari ya mwisho tu?"

Swali hilo lilinifuata koridoni kama mbwa asiye na mwenyewe. Fundi wa maabara, kijana mwenye ulimi, aliponiona alianza utani wake, "Bi Taka, leo umevaa uso wa nani?" Aliposikia habari aliacha kucheka.

"Mimi niko safi, mama. Nilizisuuza zote kwa tindikali, nikazijaza kwenye mashine ileile. Tofauti ni moja tu. Safari zingine ulikuwa unaichukua bubu asubuhi ukipita. Ile ya mwisho gari lilikuwa linaondoka kabla sijafungua, ukaichukua jioni. Ililala kwako."

Ililala kwangu. Kweli. Niliiweka kwenye rafu ya jikoni, juu ya sufuria, mahali pa usalama.

Nikaenda nyumbani. Njia nzima nilikuwa najiona nimesimama mbele ya Mama Wembe mdomo wazi, kisha najiona nimerudi jalalani, nzi wakinikaribisha kwa majina yote mawili.

Nyumbani tulikuwa watatu, maana mume wangu ni dereva wa lori na humwona kwa bahati: mimi, mama mkwe, na binti yangu, tunayemwita Kengele. Jina hilo alipewa na majirani. Mtoto alikuwa akiamka, mtaa mzima umeamka. Alikuwa akiimba chooni, akigombana na kuku, akimjibu mtangazaji wa redio. Ila tangu aanze shule alikuwa amepoa. Mwalimu wake alituambia anasinzia darasani na herufi alizokuwa akizijua zinamponyoka. Tumbo lilikuwa linamsokota mara kwa mara. Bibi yake alimpa dawa ya minyoo. Mimi nilisema anamkumbuka baba yake, nikarudi kwenye tasnifu.

Siku ile nilimkuta amejilaza kwenye mkeka, amekumbatia tumbo, haimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kipenzi. Tumbo tena?"

Akaitikia kwa kichwa tu.

Mama mkwe alikuwa jikoni akichagua mchele. Nilimuuliza kwa adabu, kama mtu anayekanyaga yai. "Mama, unakumbuka kile kichupa cheupe nilichokiweka hapa rafuni, kabla ya ile safari yangu ya alfajiri?"

"Kichupa kipi? Kile chenye maji mabovu?"

"Mabovu vipi, mama?"

"Nilionja," akasema, akipuliza makapi. "Maji gani yale, mwanangu? Hayana hata ladha ya maji. Nikajisemea, mkwe wangu anakwenda kushinda juani na maji yaliyooza. Nikayamwaga, nikakujazia ya kwetu. Alfajiri ileile, kabla hujaamka, yale ya kwanza ya bomba, yaliyolala baridi. Nikakifunga vizuri nikakirudisha. Hukuniambia hata ahsante."

Nilimwangalia. Kisha nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, nikamkumbatia na ungo wake, mchele ukamwagika.

"Mama, umeniokoa! Mama, wewe ndiye bubu!"

"Mimi bubu? Leo nimekuwa bubu?" Alikuwa anacheka naye bila kujua anacheka nini. "Huyu masomo yamempanda kichwani."

Mikono yangu ilikuwa safi! Begi langu lilikuwa safi! Sampuli zote za mtoni zilikuwa za kweli, kilichoingia ndani ya bubu ni maji ya jikoni tu, maji ya kawaida ya…

Nyuma yangu bomba likafunguliwa.

Kengele alikuwa ameingia na kikombe chake cha bati. Alikijaza, akakishika kwa mikono miwili, na bibi yake akamwambia kama anavyomwambia kila siku, kwa mapenzi yale yale, "Kunywa, mjukuu wangu, kunywa sana, tumbo lisafike."

Sijui nilifikaje pale. Najua kikombe kilipiga ukuta na maji yalinirukia kifuani, na mtoto alinitazama kwa macho makubwa bila kulia. Zamani angepiga kelele mpaka kwa mjumbe. Sasa alinitazama tu. Kutazama kule ndiko kulikonitisha kuliko namba.

Maana sura ya pili ya tasnifu yangu niliiandika mwenyewe. *Mtoto aliyekunywa risasi kwa muda mrefu huumwa tumbo, hupoteza hamu ya kula, husinzia, hupoa, husahau alichojifunza.* Niliandika hayo juu ya watoto wa bondeni. Nilikuwa nayaandikia kwenye meza ileile ya jikoni, na mgonjwa alikuwa amelala mkekani, hatua chache nyuma ya kiti changu.

Nilimpigia shemeji. Mdogo wa mume wangu ni fundi bomba, mtu wa maneno mengi na kazi ya haraka. Alikuja na ngazi, tukapanda wote juu ya paa. Mimi sipendi hata kusimama juu ya stuli, lakini siku ile nilipanda kama paka. Kule juu lilikuwa tangi letu la bati linalopokea maji ya bomba la mtaa na kuyashusha jikoni. Akafunua mfuniko kwa fahari. Ndani, chini ya maji, kulikuwa na mkanda mpana wa kijivu uliozunguka tako lote la tangi.

"Unaliona hilo, shemeji? Halivuji mpaka Kiyama. Wenzangu wanabandika gundi, mwaka mmoja limeachia."

"Ulilehemu na nini, shemeji?"

"Mali safi. Nilipata betri za zamani, nikazivunja, nikayeyusha mwenyewe."

"Lini?"

"Si kabla tu Kengele hajaanza shule? Mama alikuwa analalamika ndoo zinajaa maji ya kuvuja." Akaniangalia. "Shemeji, mbona unayumba? Shika ngazi. Shemeji!"

Bati likawa linalia chini yangu. Nilikaa palepale juu ya paa, nikamwambia mkanda ule umemfanya nini Kengele. Sikumpigia kelele. Alichukua muda kuelewa, na alipoelewa alifunika tangi taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala ndani.

"Mimi nilitaka lisivuje tu," akasema.

Kesho yake nilifanya mambo mawili. Nilimpelekea Profesa Kwanini chupa ya maji ya jikoni, naye akaipeleka maabara mwenyewe bila kuuliza kitu, na jibu likawa lilelile. Na nilimpeleka mtoto hospitali. Muuguzi alimchoma sindano mkononi, Kengele akageuza uso ukutani, akanyamaza. Muuguzi akamsifu, "Jamani, mtoto mtulivu huyu! Wenzake wanapiga yowe." Nilitaka kumziba mdomo yule dada. Damu ilipelekwa hospitali kubwa. Wakasema wangepiga simu.

Bomba tukalifunga kwa waya. Maji tukawa tunachota kwa jirani aliyeunganisha moja kwa moja, bila tangi. Mama mkwe hakutaka kula. Alikaa mlangoni akisema peke yake, "Mimi ndiye niliyemwambia anywe." Mara nyingine usiku nilinyanyuka kumsikiliza mtoto anavyopumua, kana kwamba risasi ina mlio.

Ijumaa ikafika na simu haijapigwa. Nilikwenda kwenye utetezi kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani nikiitazama simu. Niliiweka mezani mbele ya wazee wale, nikaomba ruhusa isizimwe. Sikueleza sababu.

Mama Wembe alikuwa bibi mdogo, mkavu, miwani imeshikwa na uzi. Tasnifu yangu mbele yake ilikuwa imejaa vipande vya karatasi za rangi kama nguo ya kichaa. Nilieleza utafiti wangu. Sikumbuki nilieleza nini. Kisha akafungua kwenye kipande chekundu.

"Chupa ya ulinganisho, safari ya mwisho. Naona imepatikana. Naona ina risasi. Nakusikiliza."

Profesa Kwanini aliangalia dari. Nilikuwa na jibu la kitaalamu, refu, lenye maneno ya kupendeza. Nikaliacha.

"Niliipeleka nyumbani jioni ya kuamkia safari, mama. Nikaiweka jikoni."

"Bila muhuri?"

"Bila muhuri."

"Hilo ni kosa."

"Ni kosa."

"Nani aliyeigusa?"

"Mama mkwe wangu. Aliyaonja maji akaona hayana ladha, akanibadilishia."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Mama Wembe hakucheka. Alivua miwani.

"Kwa hiyo tulichopima hapa ni maji ya jikoni kwako."

"Ndiyo, mama."

"Nani anayanywa?"

Mwaka wa madarasa, pendekezo, uwanda, maabara, sura zote tano, na swali likaja kuwa hilo. Simu ndiyo iliyojibu. Ilianza kutetemeka juu ya meza ikijisogeza kuelekea ukingoni, na sote tukaitazama.

"Pokea," akasema Mama Wembe.

Nilipokea koridoni, paji la uso nimeliegemeza ukutani.

"Mama Kengele? Majibu yametoka. Risasi ipo kwenye damu. Iko juu, ila siyo ya kumlaza. Mmeshaacha yale maji?"

"Tumeacha."

"Basi mlete tumwanzishie madini ya chuma, tumpime na upungufu wa damu. Mpe maziwa, mboga, mayai, asishinde na njaa. Halafu tutarudia kupima."

"Dada," nikasema, "na vitu alivyovisahau? Vitarudi?"

Nilimsikia mtu akimwita kwa nyuma. "Tutamwangalia anavyokua, mama."

Jibu lilikuwa lile lile la sura ya pili, kwamba hakuna ajuaye kama vitarudi, na mimi niliwahi kuliandika kwa mwandiko mzuri bila mkono kutetemeka.

Niliporudi ndani niliwaeleza yote, tangi, shemeji na mtoto. Walinitoa nje wakazungumza, wakaniita. Mama Wembe ndiye aliyesoma hukumu: marekebisho makubwa. Safari ya mwisho irudiwe yote, na bubu mpya, yenye muhuri. Sikushtuka. Hofu yangu ilikuwa imejaa, haikuwa na nafasi ya hukumu.

Lakini bibi yule alikuwa bado ameshika kalamu.

"Huyo shemeji yako," akasema. "Amelehemu matangi ya nani mengine?"

Mimi, mkaguzi, Bi Taka, nilikuwa nimefunga bomba la kwangu nikadhani nimemaliza.

Jioni ileile shemeji na mimi tulipita mtaani, yeye mbele na ngazi, mimi nyuma na boksi la chupa kutoka kwa fundi wa maabara. Maneno yake mengi yalikuwa yamekwisha. Katika kila nyumba alikuwa akionyesha juu na kusema, "Na hili," na mimi nilikuwa nawaeleza wenye nyumba. Wengine walitutukana. Mwenye duka alisema tunatafuta umaarufu. Kisha mwanamke mmoja akatusikiliza mpaka mwisho, akageuka taratibu kumtazama mwanawe aliyekuwa amekaa kizingitini ameshika tumbo, nami nikauona uso wangu.

Siku ya kurudia damu, foleni ya hospitali ilikuwa imepinda mpaka nje. Robo tatu yao walikuwa wa mtaani kwetu. Mama mkwe alikuwa amembeba Kengele mgongoni ingawa ni mkubwa, hakutaka kumwachia. Shemeji alisimama mwisho kabisa, akiwapisha wengine.

Zamu yetu ikafika. Muuguzi yuleyule akatabasamu. "Aha, mtulivu wangu amekuja! Lete mkono, mama."

Kengele aliutazama ule mkono wenye sindano. Akautazama tena. Midomo ikaanza kumcheza, nami nikasogea karibu, roho mkononi.

"Sitaki!"

Dada wa watu akaruka nyuma.

"Sitaki! Bibi, sitaki! Jichome wewe! Mchome mama!"

Foleni nzima iligeuka. Mtoto wa jirani akaanza kulia kwa kuambukizwa. Mama mkwe aliniangalia, mimi nikamwangalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Majibu yalikuwa bado. Nilimshikilia mkono ili achomwe, naye akinipigia yowe sikioni kwa nguvu zake zote, nami nikimwambia, piga tu mwanangu, piga.